Mkutano Ulioitwa Siku ya Bamvua

Uvumilivu wangu ulikatika pale mtaalamu wa bahari, aliyekuja kututangazia uamuzi uliokwisha kupitishwa, alipotundika ramani yake ukutani na kutuambia, "Kina mama mliitwa, hamkuja. Tukaandika kwamba hamna pingamizi mwamba ufungwe."

Hatukwenda, ndiyo. Mkutano wake aliuita asubuhi ya bamvua, maji yamekupwa kabisa, saa ambayo kila mwanamke wa kwetu, kusini ya Galu, yuko mwambani na kijiti chake akichokoa pweza. Mtu ameisomea bahari mpaka ng'ambo, na saa ya maji kupwa haijui. Waliohudhuria walikuwa wenye boti za watalii. Walikunywa soda, wakaitikia kila neno.

Ramani ilikuwa na rangi. Nyekundu ilionyesha matumbawe yaliyo karibu kutoweka duniani, ya kulindwa kwanza. Mwamba wetu wote ulikuwa mwekundu. Hapo sikubisha. Mwaka ule bahari ilishika joto, na niliyaona mwenyewe matumbawe yakigeuka meupe kama mifupa. Lakini tazama dawa yao: maji yamechemka, basi mama asikanyage. Boti za watalii, zile za sakafu ya kioo, zingeendelea kutia nanga papo hapo, kwa ajili ya utalii. Utalii upi? Mume wangu alikuwa ameshaachishwa kazi hotelini kwa kukosa wageni, na mtoto niliyembeba mgongoni alikuwa akila kile nilichotoa mwambani.

Nikasimama. Mavyaa yangu, mama wa mume wangu, akanivuta leso nikae.

"Mheshimiwa," nikasema, "unyayo wangu na nanga, kipi kinavunja tumbawe?"

Akacheka. "Dada, hayo ni mambo ya sayansi."

Mavyaa akaiachia leso. "Mwambie, mwanangu. Huyu hata kuogelea hajui."

Kesho yake nilikwenda ofisi ya uvuvi, Msambweni. Karani akanishauri niandike "ombi", eti "malalamiko" ni neno kali. Nikamwambia agonge muhuri tu. Niliandika hivi:

"Ninalalamika kwamba mwamba tunaoutegemea kwa chakula umefungwa kwa mkutano ulioitwa wakati wanawake wote wako baharini, na kimya chetu kikahesabiwa kuwa ridhaa. Ninataka mkutano urudiwe siku ya maji mafu, bahari isipokupwa sana nasi hatuendi mwambani. Ninataka pia nanga za boti zifanyiwe tathmini ile ile iliyofanyiwa miguu yetu, na mpaka hapo, mwamba ufungwe kwa wote au usifungwe kwa yeyote."