Chapa ya Ngamia Kwenye Jalada la Riwaya Yangu

Leo nimeulizwa swali moja dukani na nahitaji ushauri wenu.

Mnajua ile riwaya yangu ya mauaji. Wazo nililitoa kwa kisa cha kweli: dalali wa ngamia aliuawa hapa Garissa, na mpaka leo hakuna aliyeshtakiwa.

Majina nilibadilisha yote. Muuaji nilimtunga mwenyewe. Hata chapa ya ngamia wake, ile alama wanayochomwa ngozini, niliibuni: duara, na mistari miwili chini yake.

Asubuhi nikaenda kuchapisha jalada kwa Abdi wa fotokopi. Chapa iko katikati, kubwa, nyekundu, na chini yake nimeandika: "Nani alimuua dalali wa ngamia?"

Mzee mmoja alikuwa akingoja nakala ya kitambulisho. Akaliangalia lile jalada mpaka nikaona aibu.

"Mwalimu, hii alama umetoa wapi?"

Nikamwambia nimeibuni tu.

"Alama ya ngamia mtu habuni. Kila moja iko na wenyewe."

(Mimi ni wa Murang'a. Kwetu ng'ombe ni watatu na tunawajua kwa majina. Ningejuaje?)

Nikaomba msamaha. Nikasema nitaibadilisha leo leo. Nilitegemea anigombeze, na afadhali angenigombeza.

Badala yake akasogea karibu, akashusha sauti.

"Wallahi sina hasira, mwalimu. Niambie tu nani alikuambia."

Hakuna aliyeniambia. Nimemwapia mara tatu.

Nyinyi mngejibu nini? Nijibuni haraka, maana amesema baada ya swala ya alasiri anakuja shuleni kuchukua jina.