Jumamosi za Baba Kiwanjani

Baba alikuwa mwamuzi wa mpira wa magongo pale mtaa wa Soweto, mjini chini ya kijiji chetu, tangu sijaanza shule. Wengi wameuona mchezo huo kwenye televisheni, ukichezwa kwenye nyasi. Wetu unachezwa kwenye sakafu ya saruji, na Jumamosi jioni nusu ya mtaa huwa pale: akina mama na watoto mgongoni, wauza ndizi, vijana waliotoka kazini.

Kiharusi kilimpata nyumbani kijijini, Kibosho, akikata majani ya ng'ombe. Upande wa kulia ukafa, maneno yakawa yanatoka nusunusu. Kwa miezi mitano hakutaka kuonekana na watu. Wageni wakija, alimwashiria mama afunge mlango. Mama alimlisha mtori wa ndizi kijiko kwa kijiko, naye akitazama ukuta.

Jumamosi moja nilimshusha kiwanjani kwa gari bila kumwuliza. Najua nilikosea. Njia nzima hakunitazama. Wachezaji walikuja mmoja mmoja wakamwamkia, akaitikia kwa kichwa tu. Nahodha wa timu yetu ya wanawake, mwalimu wa sekondari, akamwekea kiti karibu na mstari wa kati, kisha akaenda kucheza.

Kipindi cha pili ubishi ukazuka. Wapinzani wetu, timu ya Himo, walidai mpira ulimgusa nahodha mguuni, jambo lisiloruhusiwa, kabla hajafunga bao; wenzake wakakataa. Mwamuzi, kijana aliyefundishwa na baba, hakuwa ameona vizuri. Kelele zilipozidi, nahodha mwenyewe akatembea hadi kwenye kiti cha baba.

"Baba, wewe umeonaje?"

Baba akashika suruali kwa mkono wa kushoto, akauinua ule mguu uliokufa, akaulaza juu ya ule mzima na kuupiga kofi. Ndiyo ishara ya waamuzi: mpira umegusa mguu.

"Ni kweli," nahodha akasema. Bao likafutwa, na siku ile tulifungwa.

Nilipomwingiza garini nilimwomba radhi kwa kumleta bila ridhaa yake. Alilitafuta neno kwa muda mrefu.

"Jumamosi," akasema.

Nikamuuliza kama ana maana Jumamosi ijayo. Akaitikia kwa kichwa.

Tulishuka kila wiki, mpaka masika yalipoharibu barabara. Hakuiona mvua ikikatika. Tulimzika kihambani, kwenye shamba letu la ukoo, katikati ya migomba, na kwa kuwa magari hayakuweza kupita, wachezaji walipanda kwa miguu kwenye tope, wa Soweto na wa Himo pamoja.