Kwaresima Ndefu ya Anjelina wa Mbuji

Anjelina alianza biashara na mimi kwa kukataa mali yangu. Ilikuwa sokoni Mbinga, mwanzoni mwa Kwaresima mwaka jana. Mimi natoa samaki Chiwanda, ziwani, nawapandisha milimani. Alionja usipa mmoja, wale dagaa wa ziwa letu, akamtema kwenye kitambaa, akasema kwa adabu kabisa, "Hawa wameogeshwa chumvi, dada. Nataka waliokaushwa kwa jua tu."

Nilimwambia chumvi ndiyo inayowafikisha huku bila kuoza. Akasema basi niwahi kabla hawajaoza. Tulibishana mpaka mama wa meza ya pili akatuletea kigoda. Mwisho tukaafikiana: nimletee usipa bila chumvi kila wiki mbili, naye akivuna maharage anipe madebe mawili kabla mnunuzi mwingine hajayaona. Nilijua nimemshika vizuri, maana maharage ya Mbuji yanagombewa huku kwetu ziwani.

Safari ya pili nilimpelekea nyumbani, ndipo akanieleza. Miguu ilikuwa ikifa ganzi, jicho moja likapoteza nuru, kisha nuru ikarudi. Alizunguka hospitali miaka mitatu hadi picha ya ubongo ikaonyesha kwamba kinga ya mwili wake inakula ganda la mishipa yake ya fahamu. Wanauita MS. Dawa anatumia. Daktari alimwambia wazi kwamba chakula hakiuponyi ugonjwa huo, ila kinaweza kuusaidia mwili: apunguze chumvi na mafuta ya nguruwe, aongeze samaki, mboga na maharage, na asinenepe, kwa sababu miguu ni hiyohiyo.

"Tangu nianze, asubuhi nzima nasimama," aliniambia.

Kama ni samaki, kama ni dawa, sikujua, na yeye hakujifanya anajua.

Kijijini aliyejua ni mumewe tu, Wendelin. Kwaresima ilimficha Anjelina: akikataa nyama, watu wanasema amefunga. Kosa lake ni kusahau kwamba Kwaresima ina mwisho. Jumapili ya Pasaka jirani yake Ida, Mama Festo, alichinja nguruwe, akaita watu. Anjelina akasogeza sahani, akasema amefunga. Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka. Kule milimani, mtu mzima akikataa chakula cha jirani bila sababu inayoeleweka, amemwambia usoni kwamba anaogopa sumu yake.

Na Ida ndiye anayewaita wanawake kwenye ngokela, ile kazi ya kusaidiana mashambani. Wiki iliyofuata Anjelina alipika pombe ya kuwakaribisha waje wamlimie ngoro, yale mashimo ya mlimani ambayo maharage hupandwa kwenye kingo zake. Hakuja hata mmoja. Pombe ikachacha.

Nilipofika na mzigo wangu, Wendelin alikuwa shambani peke yake. Kufyeka majani na kuyapanga miraba ni kazi ya wanaume, alishaimaliza, sasa alikuwa akiyafukia kwa jembe, kazi ya wanawake, na wapita njia walikuwa wakimsalimia, "Habari za kazi, mama?" Mvua zilikuwa zinaelekea kuisha. Nikaona maharage yangu yanapotea, na wao chakula chao cha mwaka.

"Waambie unaumwa," nilimwambia Anjelina.

"Nikiingia kwenye orodha ya wagonjwa wa jumuiya, dada, wataniombea mpaka kwenye jeneza."

"Na usipoingia utakula nini?"

Akachukua furushi la usipa, akaelekea kwa Ida, akijishikilia kwenye uzio njia nzima. Nikamfuata.

Ida alikuwa akipepeta mahindi, hakutukaribisha. Anjelina akakaa chini hivyohivyo, akaweka furushi miguuni pa Ida.

"Mama Festo, nichambulie hawa. Vidole vyangu havihisi mchanga tena. Nautafuna."

"Si unaniogopa?"

"Wachambue, wapike, nile hapahapa. Usitie chumvi wala mafuta." Akamweleza yote, tangu jicho hadi Pasaka.

Ida aliweka ungo chini. "Miaka yote hiyo unaubeba peke yako, halafu mchawi niwe mimi." Alianza kuchambua, machozi yakimlengalenga. Aliwapika kwa nyanya na majani ya maboga, akaonja, akakunja uso. "Hata Ijumaa Kuu haina adhabu hii." Anjelina alikula bakuli zima, Ida akimtazama kila tonge.

Alhamisi wanawake kumi na mmoja walipanda mlimani na majembe. Lakini wiki tatu zilikuwa zimepotea, na nusu ya maharage yalikauka kabla ya kujaza maganda. Nilipata debe moja. La pili sikulidai. Siri ya Anjelina iliisha, na jumuiya inamwombea kweli kila wiki, jambo linalomuudhi. Agosti mguu wa kushoto ulimkatalia kabisa karibu mwezi mzima, sasa anatembea na fimbo. Ila hakuna sherehe pale ambayo Ida hajamtengea bakuli lake kabla chumvi haijaingia chunguni.

Mimi nilipoteza mteja niliyedhani ni mgumu. Anayekuja kumnunulia siku hizi ni Ida. Anamwaga usipa wangu juu ya khanga, anachambua mmoja mmoja wateja wengine wakitazama, na mchanga wote ananirudishia kiganjani.