Kipimo Ambacho Sikukirudia

Nimefanya kazi ya maabara hapa Uvira kwa miaka mingi, katika chumba chenye dirisha linalotazama ziwa. Watu huniletea damu na mkojo wao, nami huwapa karatasi ya majibu. Vichupa nilivyopima havina idadi. Kimoja tu ndicho kinachonifuata mpaka leo.

Kilikuwa cha kaka yangu. Alikuwa mbebaji wa mizigo bandarini Kalundu, mtu wa kifua kipana, na mimi, mdogo wake wa kike, nilisoma kwa nguvu za mgongo wake. Akitoka kazini mchana alikuwa akipita maabara kunisalimia, siku nyingine na fungu la ndagala, dagaa wa ziwani, mkononi.

Siku moja tulipokea kasha jipya la bandeleti, vile vijiti unavyochovya kwenye mkojo vikabadilika rangi. Lilikuwa limekaa siku nyingi njiani kwenye joto, nikataka kuhakikisha halijaharibika. Nilihitaji mkojo wa mtu mwenye afya, na kaka akaingia wakati huohuo. Nikampa kichupa.

"Minye niko muzima, mudogo yangu. Unatafuta nini kwangu?"

"Yaya," nikamwita, kama tunavyomwita mkubwa wetu, "muzima ndiye namutafuta."

Alicheka mpaka wagonjwa waliokaa barazani wakageuka. Aliporudi, nikachovya kijiti. Ile sehemu inayoonyesha protini, ambayo figo zikiwa salama hubaki njano, ikawa kijani.

"Inasema nini?"

"Hii bandeleti iko mubaya. Joto imeiharibu."

Nilisema hivyo, na nusu yangu iliamini. Alipoondoka nikachovya kijiti kingine cha kasha lilelile kwenye mkojo wangu. Kikabaki njano.

Nilisimama pale na vijiti viwili mkononi. Nilijua kwamba homa, au kazi nzito ya siku ileile, inaweza kupitisha protini kwenye mkojo wa mtu asiye mgonjwa. Ndiyo maana kipimo hurudiwa. Nikajiambia: ameshusha magunia tangu alfajiri, nitampima tena juma lijalo.

Juma lijalo wagonjwa wa kuhara walijaa hadi uani. Lililofuata pia. Baadaye nikawa nasema nilisahau, lakini sikusahau. Kila alipotokea mlangoni nilikumbuka, nikautazama uso wake unaocheka, nikaogopa kumwomba kichupa. Nilivitupa vile vijiti, wala sikuandika chochote.

Ikapita kama miaka miwili. Mkewe akaja kuniambia kwamba viatu havimwingii mumewe tena, na kwamba asubuhi macho yake huwa yamevimba. Hapo ndipo nilipojua pia kuwa kwa muda wote huo alikuwa akimeza vidonge vya maumivu ya mgongo, vya kununua dukani, kila siku, vile ambavyo huumiza figo polepole.

Nilimtoa damu mimi mwenyewe, nikapima kreatinini, ile taka ambayo figo nzima huichuja na kuitoa nje. Figo zikichoka, inabaki ndani ya damu. Mashine ikaleta jibu. Nikapima tena damu ileile. Jibu halikusogea. Daktari wetu aliisoma karatasi, akanitazama mimi, hakumtazama yeye.

Kaka akasema, "Uniambie weye. Weye ndiye ulisoma."

"Figo yako iko inachoka, yaya. Imechoka sana."

"Tangu lini?"

Nilikuwa naifunga pamba kwenye mkono wake. Niliendelea kuifunga ingawa ilikuwa imeshakaa vizuri.

"Haijulikani," nikamwambia.

Alikubali. Tangu tukiwa watoto hakuwahi kuniuliza kitu mara mbili.

Tulimvusha mpaka wa nchi kwenda Bujumbura kusafishwa damu kwa mashine, tukarudi, tukaenda tena. Mimi ndiye niliyekuwa nikiketi naye, nikimlowanisha midomo kwa pamba kwa sababu maji ya kunywa alikuwa akipimiwa kidogo tu kwa siku. Wakati wa mvua kubwa mwili ukakataa. Tulimzika kabla ya alasiri, nami nikarudi kazini baada ya arobaini.

Saa yake ya kupita ikifika, nasikia kandambili zake barazani. Mara mbili nimeinuka na kufungua mlango. Wagonjwa wananitazama, nami nauliza nani anafuata, kana kwamba hilo ndilo lililoninyanyua.

Sasa kijani kikitokea, simwachi mtu. Bibi mmoja wa Rurambo, kule milimani, aliteremka kuuza maziwa, akapimwa, akapanda mlima kabla sijamwambia arudi. Nilituma salamu kwa kila mtu aliyekuwa anapanda kule mpaka akashuka tena. Kipimo cha pili kilikuwa safi. Akanigombeza: "Umenitembeza safari yote hii, na minye sina ugonjwa?" Nililia mbele yake, naye akadhani ni maneno yake yaliyoniumiza, akaanza kuniomba radhi.

Mwaka huu nilimweleza wifi yangu, mjane wa kaka. Alikuwa anachambua mchele wa Bwegera kwenye ungo. Nikamsimulia vijiti vyote viwili, na lile neno "haijulikani". Hakuinua kichwa. Mikono yake ilisimama, ikaendelea, ikasimama tena.

"Alijua?"

"Hapana."

"Kama ungerudia, angepona?"

"Sijui. Labda kifo kingekawia. Labda angeacha vile vidonge."

Aliweka ungo chini. Nilingoja anifukuze, na nadhani nilitaka anifukuze.

"Mama usimwambie," akasema hatimaye. "Hatabeba hii."

Mama yetu ni mzee, haoni vizuri. Kila Ijumaa nikienda kumsalimia hunishika mikono yote miwili na kuniombea dua, akimshukuru Mungu kwamba mwanawe alikuwa na dada wa kumwangalia. Mimi hujibu amina.