Kuosha Mpaka Harufu Iondoke

Mwaka ule winchi za ujenzi zilisimama kila upande wa Dubai, lakini mimi macho yangu yalikuwa kwenye mikono ya mtu mmoja tu. Alikuwa Mkenya, mwanafunzi mwenzangu katika chuo kidogo kule Qusais, akiishi kwa shangazi yake mtaa wa Muraqqabat. Mikono yake ilijua kutulia. Akishika faneli ya kutenganishia, ile chupa ya kioo yenye koki chini, utadhani kabeba mtoto aliyelala. Niliichukia mikono ile.

Mwalimu wetu wa kemia, bwana mpole kutoka India, alikuwa ametangaza kwamba likizo ile atamchukua mwanafunzi mmoja wa kumsaidia maabarani. Mmoja tu. Mimi nafasi ile nilikuwa nimeshaiota, nimeshaivalia na koti jeupe. Lakini alikuwa ameanza kumwita yule Mkenya "mkemia wangu", na kila alipotamka hivyo kitu kilinichoma chini ya mbavu.

Siku ya kuchaguliwa tulitengeneza kimiminika chenye harufu ya ndizi mbivu. Kikishachemshwa huwa bado kina asidi na siki ndani yake, kwa hiyo huoshwa. Unatia maji kwenye faneli, unatikisa, unatoa gesi, unaacha vitengane. Ndizi huelea juu, uchafu hushuka na maji, nawe unafungua koki na kuumwaga. Halafu maji ya magadi, yanayofoka kama soda. Halafu maji ya chumvi. Basi.

Mwenzangu alimaliza, akafunika chupa yake. Mimi nilinusa changu, nikasikia siki.

Nyumbani kwetu Al Twar, mama alitulea kwa sheria ya tohara, ya kuondoa najisi, aliyokuja nayo mama yake kutoka Unguja: kitu hakijatakasika mpaka rangi iondoke, ladha iondoke, harufu iondoke. Nikaapa changu kitakuwa safi kuliko chake. Nikatia maji matupu, nikatikisa kwa nguvu, nikanusa. Siki. Nikatia mengine.

"Wee, si uwachie hapo," alisema mwenzangu. "Unaitikisa ni kama imekukosea."

"Shughulika na yako, bibie."

"Haya, madam." Akacheka. "Lakini utaiosha mpaka ihame."

Kimiminika changu kilikuwa kimegeuka cheupe kama tui, na hakikutaka kutengana. Nikamwona mwalimu anakuja upande wetu. Sikuweza kusubiri. Nikafungua koki, ule weupe ukateremka, na sinki zima likanukia ndizi.

Mwalimu alipungia hewa ya chupa ya mwenzangu kuelekea puani, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akachukua yangu.

"Safi sana," alisema kwa Kiingereza chake cha taratibu. Akaiinua kwenye mwanga, akaiinamisha huku na huku. "Lakini iko wapi?"

Darasa zima likaangua kicheko. Yule Mkenya hakucheka, na hilo ndilo sikuweza kulisamehe. Alipokwisha kukabidhiwa koti, akanijia na kibomba kidogo cha kudondoshea.

"Leta mkono, usinune." Akanidondoshea tone moja la ndizi yake kwenye kifundo cha mkono, kama mtu anayempaka mgeni manukato. Mwalimu alikuwa akitutazama kwa tabasamu. Nikasema ahsante.

Kwenye basi nilijifuta jasho la mdomo kwa pindo la mkono wa shati, na hapo ndipo nilipoikuta siki. Ilikuwa pale muda wote nilipokuwa nikinusa chupa, imeganda kwenye kitambaa, sentimita chache kutoka puani mwangu.

"Nani kala ndizi?" mama aliuliza nilipoingia.

Nikapitiliza bafuni, nikasugua kifundo kwa sabuni, nikanusa, nikasugua tena.

"Maji yote hayo, mwanangu, unaosha nini humo?"

"Harufu."

"Haijatoka?"

Nikafunga mfereji. Ngozi ilikuwa imeiva wekundu, na ilinukia vizuri mno.

"Bado," nikasema, nikaufungua tena.