Wananiita hawara kwa sababu namwosha mzee aliyepooza

Admin, usitoe jina langu, kijiji chetu ni kidogo. Mimi ni mama wa miaka 36, nina mume na watoto watatu, tunalima mpunga huku Mchombe.

Jirani yetu ni mzee mmoja fundi cherehani, alishafiwa na mkewe. Mwaka jana alipooza upande mmoja, hata kuongea hawezi. Watoto wake wanaishi Kidatu. Walikuja, wakalia, wakaondoka. Siku moja nikampelekea uji, nikamkuta amelala kwenye kinyesi cha siku mbili. Jamani, ningefanyaje? Nikachemsha maji, nikamwosha. Tangu hapo ikawa kila asubuhi kabla ya kwenda shamba: namwosha, namgeuza, nafua mashuka. Mume wangu alijua na aliridhia.

Maneno yakaanzia bombani. Mara mimi ni hawara yake, mara nataka shamba lake. Mwezi huu binti yake akaja. Nilifurahi, nikajua nimepata mwenzangu. Badala ya asante akaniuliza mbele za watu, "Dada, kwani unamwosha mpaka wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Mama mmoja ninayesali naye jumuiya akadakia, "Mpaka kwenye hati ya shamba!"

 Katika wote wale, hakuna aliyewahi kushika lile beseni la kumwoshea hata siku moja.

Nyumbani mume wangu akasema, "Mama watoto, basi. Nimechoka kuchekwa. Ukiingia tena mle, ubebe na vitu vyako." Nikaacha. Binti akakaa siku mbili, akasema atatuma mtu wa kumhudumia, akarudi zake Kidatu.

Leo ni siku ya tano tangu aondoke, mtu hajaja. Mjumbe wa nyumba kumi humnywesha uji haraka haraka na kutoka mbio. Harufu inafika barabarani. Wale wale waliocheka wanapita wameziba pua kwa kanga, wanatema mate, halafu wanasema, "Angekuwa na roho nzuri kweli, asingemwacha." Wananitia kinyaa. Najitia kinyaa na mimi mwenyewe, maana ni kweli nilimwacha.

Asubuhi hii nikamsikia anagonga ukuta kwa kikombe. Anaijua saa yangu. Mume wangu alikuwa anakunywa chai, akasikia, akainamisha kichwa. Akaondoka bila kuniaga.

Ndugu zangu, matusi nimeshayapata ya kutosha. Maji yamechemka, yako hapa jikoni, na mzee bado anagonga. Niambieni, nifanye nini?