Mayai Themanini kwa Volti 190

Fundi Nzau wa Tawa hajawahi kuunganisha waya kabla ya kupiga hesabu. Mafundi wenzake hubahatisha. Yeye huchukua kalamu. Ukimpelekea pasi iliyokufa, kwanza atakueleza kwamba volti ukizigawanya kwa ampea unapata omu, yaani ukinzani wa waya, na ukizizidisha unapata wati, yaani kazi inayofanyika. Mteja, ambaye shida yake ni shati lenye mikunjo, huitikia kwa kichwa na kuangalia mlango.

Hayo Nzau aliyasomea chuo cha ufundi miaka thelathini iliyopita na daftari lake bado analo. Ndani yake volti ni 240. Kila ukurasa, kila mfano, 240.

Mwaka huu akina mama wa mwethya mmoja upande wa Kasikeu, wale wanaolimiana mashamba kwa zamu, walimwagiza sanduku la kuangulia vifaranga. Nzau akafurahi kama aliyealikwa harusini. Wati mia moja zingetosha, akaona. Kwa volti 240, hiyo ni ampea sifuri nukta nne mbili hivi, na ukinzani wa omu 576. Akakata waya wa koili ya kupashia joto kidogo kidogo mpaka mita ikasoma 576 kamili. Akalijaribu sanduku siku mbili pale dukani, hatua chache kutoka transfoma ya soko, joto likasimama alipotaka lisimame. Akalipeleka mwenyewe kwenye chumba cha kikundi, kando ya kanisa.

Mayai themanini yalitoka kwa Kavindu, mjane anayefuga kuku wa kienyeji kwa bidii ambayo wengine huiweka kwa watoto wao. Siku ishirini na moja zikapita, zikaongezwa tatu za subira. Vikatoka vifaranga tisa, na viwili kati yao havikufika jioni.

Akina mama walimpigia fundi simu wakiwa shambani, sauti imefunguliwa wote wasikie. Nzau hakutaka hata kuuliza maswali. "Mashine yangu iko sawa, hiyo ni hesabu," alisema. "Muulizeni mwenye mayai kama ako na jogoo."

Watu ishirini wakacheka. Kavindu alikuwa papo hapo, jembe mkononi, na hakucheka. Ana majogoo wawili, lakini nani angeshindana na hesabu? Ikaanza kusemwa kwamba aliwauzia wenzake mayai ya siku nyingi. Hakuna aliyemfukuza kwenye kikundi. Ilipofika zamu yake ya kuchimbiwa matuta ya kuzuia maji, wakapita tu, wakaenda kwa mwingine. Shamba la Kavindu liko mteremkoni, na mvua ya Novemba haimsubiri mtu. Bila matuta, mbegu na udongo vyote huishia mtoni.

Nzau hakujua lolote kati ya hayo. Jumamosi moja aliitwa kule kanisani kutazama amplifaya iliyokuwa ikijizima kwaya inapofanya mazoezi. Akaifungua, akaona haina ubaya. Ndipo akachomeka mita kwenye soketi. Ikasoma 190. Akadhani mita imechoka, akajaribu soketi nyingine. 190. Transfoma ilikuwa mbali kule barabarani, laini ndefu, na katikati yake posho mill ilikuwa inasaga unga na kuvuta umeme. Ilisaga kutwa, mwanakwaya mmoja alimwambia, kila siku isipokuwa Jumapili.

Akatoa kalamu, ingawa jibu alishaliona. Sanduku lilikuwa chumba cha jirani, kwenye laini hiyo hiyo, na waya wa koili ni ule ule, omu 576. Volti 190 zinasukuma ampea sifuri nukta tatu tatu tu. Zidisha: wati sitini na tatu. Zaidi ya theluthi ya joto ilikuwa imepotea, na mayai yamelala kwenye baridi wiki tatu. Alipouliza habari za mwenye mayai, ndipo alipoambiwa yote, hadi zamu iliyorukwa. Nzau aliona aibu, aibu ya kweli, ile ya kumfanya mtu mzima akae chini kwenye benchi la kwaya.

Alikwenda kwa Kavindu saa ile ile, kwa matumaini kwamba mambo yangeishia uani. Akaeleza kila kitu. Kavindu alimsikiliza hadi mwisho, akisugua mikono kwenye leso.

"Mwaitu, mama yangu, nisamehe," Nzau alimaliza.

"Mimi sikusemwa hapa nyumbani," Kavindu alisema. "Nilisemwa kwa shamba, watu wakiwa ishirini. Enda useme huko."

Alhamisi, siku ya mwethya, Nzau alisimama juu ya tuta jipya na viatu vyake vya ngozi. Alianza na volti, akaingia kwenye ampea, akafika kwenye omu. Ndunge, mwenyekiti, ambaye shamba lililokuwa likichimbwa ni lake, alimkatiza kwa upole na kumwomba aseme kwa kifupi.

"Kwa kifupi mayai yalikuwa mazima," Nzau alisema. "Nilipima kwangu, sikupima kwenu. Makosa ni yangu."

Ndunge alitazama tuta lake, ambalo lilikuwa nusu, akaliacha. Akaweka jembe begani na kushika njia ya kwenda kwa Kavindu, na wengine wakamfuata mmoja mmoja. Nzau alipewa beleshi.

Kwa desturi, mwenye shamba hupikia mwethya, na muthokoi mzuri, yale mahindi yaliyokobolewa, huhitaji kulowekwa tangu jana yake. Ndunge aliingia jikoni kumwambia Kavindu asihangaike, wamekuja bila taarifa. Akakuta sufuria ya watu ishirini tayari iko motoni. Kavindu alikuwa ameloweka muthokoi kila Jumatano kwa wiki tatu, tangu zamu yake iliporukwa. Wa wiki mbili za kwanza aliwamwagia kuku.